Uliza Fundi: Kifaa hakipo, au kompyuta haijui kilipo?

Habari zenu wasomaji wangu wa Dar na kwingineko. Meseji za mwezi huu nimezisoma jioni moja hapa Sinza nikiwa na daftari pembeni, na karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu anataka kuandika programu, ameshaweka kila alichoambiwa aweke, afu kompyuta inamjibu kwamba kitu fulani hakipo. Na wengi mmefanya jambo lilelile, mmefuta kila kitu mkaanza upya, bando likaisha, kosa likarudi kama lilivyokuwa. Inaniuma kweli, maana najua bei ya bando na najua mtu anavyokaa macho mpaka saa sita usiku ndo aanze kushusha faili kubwa. Kwa hiyo kabla sijamjibu yeyote naomba mshike swali moja: hicho kitu kweli hakipo kwenye mashine, au kipo ila anayekitafuta hajui kilipo? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu jingine.

Na mkiniandikia, nakilini ujumbe wote kama ulivyo kuanzia mstari wa kwanza. Wengi mnanitumia skrinshoti ya mistari miwili ya mwisho, na mara nyingi mstari unaosema ukweli uko juu huko.

Kaka Fundi mambo. Mi ni mwanafunzi wa chuo mwaka wa pili, nakaa Mbagala Rangi Tatu. Najifunza Flutter, ile zana ya kutengenezea apu za simu, kwa ajili ya projekti ya darasa. Nikiandika "flutter doctor", ile amri ya kukagua kama kila kitu kipo, inaniletea alama ya mshangao kwenye Android toolchain, inasema "cmdline-tools component is missing" na chini yake "Android license status unknown". Nimeondoa Android Studio nikaiweka upya mara mbili, bando la GB 5 limekwisha lote na kosa liko palepale. Rafiki yangu anasema nipige Windows upya. Nifanyeje kaka, projekti inatakiwa wiki ijayo.

Pole sana mdogo wangu. Windows usipige, na Android Studio usiishushe tena hata mara moja, hapo ilipo iko sawa.

Shida ni kwamba watu wanadhani Android Studio na SDK ni kitu kimoja, kumbe vinakaa nyumba mbili. Studio yenyewe, yaani programu ya kuandikia apu, kwenye Windows inakaa Program Files. SDK, yaani lile sanduku la vifaa vinavyojenga apu, linakaa kwenye folda ya jina lako, AppData, Local, Android, Sdk. AppData ni folda iliyofichwa ndo maana hujawahi kuiona, mpaka uende View kwenye File Explorer uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Sasa wewe ulivyoondoa Studio ukaiweka tena, folda ya SDK kwa kawaida inabaki vilevile ilivyokuwa. Umeshusha mara mbili kitu kizima chenye zaidi ya GB 1 na kile kilichopungua hukukigusa.

Kilichopungua ni kidogo, kama MB 150 hivi. Fungua Android Studio, pale kwenye ukurasa wa kukaribisha bonyeza More Actions halafu SDK Manager. Utaona vichupo juu, wengi wanaishia kwenye SDK Platforms kwa sababu ndo kinafunguka chenyewe, wewe nenda cha pili, SDK Tools. Tafuta Android SDK Command-line Tools yenye neno latest mwishoni, weka tiki, bonyeza Apply. Ukiwa hapohapo hakikisha Android SDK Build-Tools na Android SDK Platform-Tools nazo zina tiki, hiyo ya pili ndo yenye adb, kifaa cha kuongea na simu, bila hiyo simu yako ukiichomeka na waya haitaonekana.

Hilo kosa la pili la leseni ni mtoto wa la kwanza. Programu inayosoma leseni inaitwa sdkmanager, na yenyewe inakaa ndani ya hizo hizo cmdline-tools, kwa hiyo Flutter ilikuwa inamtafuta wa kumuuliza habari za leseni na huyo mtu hayupo. Ukishaweka, funga terminali, yaani ile skrini ya kuandikia amri, fungua mpya, andika "flutter doctor --android-licenses", itakuletea maandishi marefu na kukuuliza, jibu y mpaka ziishe. Afu "flutter doctor" tena.

Kuna wengine wanaoshusha zile cmdline-tools kama zipu wanazifungua wenyewe ndani ya folda ya Sdk na bado zinakataa. Sababu ni mpangilio wa folda. Ukifungua ile zipu inatoa folda cmdline-tools na ndani yake bin na lib moja kwa moja, lakini inavyotakiwa ikae ni cmdline-tools, ndani yake folda uipe jina latest, ndani ya latest ndo bin na lib. Folda moja tu katikati! Nimeshaona mtu mzima amekaa siku tatu kwa sababu ya hiyo folda moja.

Na kama C yako imejaa ukaamua kuhamishia SDK kwenye D, Flutter haiwezi kujua kama imehama mpaka uiambie: "flutter config --android-sdk D:\Android\Sdk". Njia hiyo isiwe na nafasi kati ya maneno, usiite folda Vitu Vyangu, zipo zana ndani ya SDK zinazosumbuka na nafasi. Mdogo wangu wiki moja inatosha kabisa kwa hili, ni kazi ya nusu saa.

Habari kaka. Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta. Nimeanza kujifunza Python nipunguze kazi za Excel za kila mwisho wa mwezi. Nimeinstoo kutoka python.org lakini nikiandika python kwenye ile skrini nyeusi inaniambia Python was not found na inanitaka niende Microsoft Store. Kijana wa IT akanisaidia ikakubali, sasa nikiandika import pandas inasema "No module named pandas", nikiandika pip install pandas inasema "Requirement already satisfied". Yaani ipo na haipo kwa wakati mmoja? Nimechoka kaka.

Dada yangu, nimefurahi mno kukusoma, maana mhasibu akijua Python ofisi nzima inapumua. Na umelisema vizuri kuliko wengi, ipo na haipo kwa wakati mmoja, ndo hali halisi.

Ngoja nikwambie kompyuta inavyotafuta. Chukulia umemtuma mtoto Kariakoo akanunue kitu, ukamwandikia kwenye karatasi: anza Mtaa wa Aggrey, usipokipata nenda Narung'ombe, kisha Sikukuu, basi. Mtoto atapita mitaa hiyo mitatu kwa mpangilio huohuo. Akikipata Aggrey anachukua cha Aggrey hata kama kizuri kiko Sikukuu. Na kama duka liko Mtaa wa Congo atarudi akwambie hakipo, na hajadanganya, Congo haikuandikwa. Hiyo karatasi kwenye kompyuta inaitwa PATH. Ni orodha ya folda tu. Ukiandika python, Windows inapita folda moja baada ya nyingine kwenye orodha hiyo, ya kwanza kuwa na kitu chenye jina hilo ndo inashinda.

Shida yako ya kwanza ndo hiyo. Windows 10 na 11 zinakuja na python ya bandia, kijifaili kidogo ambacho kazi yake ni kukupeleka Microsoft Store, na yule mtoto alikikuta hicho kabla ya chako. Ukitaka kujua kama Python yako ya kweli ipo, andika "py" peke yake. Ikijibu, ipo. Kisha nenda kwenye Settings, upande wa Apps, tafuta App execution aliases, zima zile mbili za python.exe na python3.exe. Na wakati wa kuinstoo kuna kiboksi chini kabisa kinachosema Add python.exe to PATH, hakina tiki na watu wanakipita kwa haraka. Ukishakipita huna haja ya kuanza upya, nenda kwenye orodha ya programu za Windows, chagua Python, bonyeza Modify, songa mbele mpaka ukute Add Python to environment variables.

Shida ya pili nadhani imezaliwa na msaada wa yule kijana, nia yake njema kabisa ila sasa una Python mbili kwenye mashine moja. Pip, ile inayoshusha pakeji (vifaa vya nyongeza vya Python), imeweka pandas, pakeji ya kushughulikia majedwali, kwenye Python ya kwanza, wewe unafungua ya pili. Andika "py -0p" itakuorodheshea Python zote ulizonazo na zinakokaa. Halafu acha kabisa kuandika pip peke yake, zoea kuandika "py -m pip install pandas". Ukiandika hivyo unaiambia Python yenyewe iite pip yake, pakeji inakwenda kwa huyohuyo utakayemtumia. Kama unaandikia programu kwenye VS Code, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Python: Select Interpreter, uchague ileile.

Kwa kazi yako ya Excel utakutana na kosa jingine karibuni, "Missing optional dependency openpyxl". Usishtuke, pandas peke yake haisomi faili za xlsx, inategemea msaidizi huyo, "py -m pip install openpyxl" na umemaliza. Na faili lako la mazoezi usiliite pandas.py tafadhali, Python ikiona jina hilo kwenye folda yako italichukua hilo ikidhani ndo pandas yenyewe, utahangaika siku nzima na kosa lisiloeleweka.

Mambo mawili kuhusu hiyo PATH maana mnaniuliza kila mwezi. Ukiibadilisha, terminali iliyokuwa wazi haijui kama umebadilisha, ilishaondoka na karatasi ya zamani mkononi, kwa hiyo funga ufungue mpya, na VS Code nayo ifunge yote. La pili, na hili nalisema kwa uzito: kuna mafunzo mengi mtandaoni yanakwambia utumie amri ya setx kuongeza folda kwenye PATH. Setx inakata maandishi yakizidi herufi 1024. PATH yako ikiwa ndefu, kilichobaki mwishoni kinapotea na hakirudi, na ghafla programu tano zilizokuwa zinafanya kazi jana leo hazipo. Tumia dirisha la Windows lenyewe, tafuta Edit the system environment variables kwenye menyu ya Start, kule kila folda ina mstari wake na unaona unachofanya.

Ndugu Fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari upande wa Gongo la Mboto. Tuna kompyuta 18 za maabara, intaneti ni simu yangu. Nimeweka Code::Blocks ili vijana waanze lugha ya C, lakini wakibonyeza Build inasema "Can't find compiler executable in your configured search paths for GNU GCC Compiler". Nitawezaje kuzirekebisha zote bila kumaliza bando langu?

Shikamoo mwalimu. Kwanza asante kwa kutumia bando lako mwenyewe kwa ajili ya watoto wa watu.

Hii ni ile hali ya kwanza kabisa, kitu kweli hakipo. Code::Blocks ni sehemu ya kuandikia, kompaila, yaani inayogeuza maandishi ya C kuwa programu, ni mtu mwingine, na kwenye ukurasa wao wa kushushia kuna mafaili kadhaa yanayofanana. Wewe umechukua lile lisilo na kompaila. Tafuta lenye neno mingw kwenye jina, kwa toleo la 20.03 linaitwa codeblocks-20.03mingw-setup.exe, hilo limebeba kompaila ndani yake. Kama kompyuta za maabara ni za zamani zenye Windows ya biti 32, liko jingine lenye 32bit kwenye jina, angalia kwanza kwa kubonyeza kulia kwenye This PC halafu Properties kabla hujashusha.

Unalishusha mara moja tu mwalimu, unaliweka kwenye flashi, unazunguka nalo mashine zote 18, halihitaji intaneti wakati wa kuweka. Ila anza na mashine moja mpaka ikubali ndo uendelee na nyingine. Ondoa ile ya mwanzo kwanza, maana Code::Blocks inakumbuka setingi za zamani, na ikikataa bado nenda Settings, Compiler, kichupo cha Toolchain executables, bonyeza Auto-detect. Ikishindwa kuona yenyewe ionyeshe, kwa kawaida ni folda ya MinGW ndani ya folda ya CodeBlocks.

Kuna jambo litakalokuja kukuchanganya darasani. Mwanafunzi ataandika programu yake ya kwanza, ataijenga, itakubali, akitaka kuiendesha anaambiwa faili halipo. Hapo chunguza antivairasi. Faili la exe lililozaliwa sekunde mbili zilizopita na halijulikani na mtu yeyote duniani linaweza kuonekana la hatari, likaondolewa kimyakimya. Tengeneza folda moja ya kazi za darasa, iambie antivairasi iiruhusu hiyo folda peke yake. Usiizime yote, kompyuta za shule zinapokea flashi za kila aina.

Siku ukihamia Python, kwenye mashine yenye intaneti andika "pip download" ikifuatiwa na majina ya pakeji na "-d" na jina la folda, itashusha pakeji pamoja na zote zinazotegemewa nazo. Beba folda hiyo, kule maabara andika "pip install --no-index --find-links" na jina la folda na pakeji. Toleo la Python liwe lilelile pande zote mbili, la sivyo baadhi zitakataa.

Oya kaka, kila nikifungua programu flani inasema VCRUNTIME140.dll was not found. Nimeidaunlodi hiyo dll kwenye saiti moja nikaipaste System32, sasa inaleta kosa jingine la 0xc000007b. Niko Tabata.

Hiyo dll, yaani faili la msaada linaloitwa na programu, ifute hukohuko ulikoiweka, na saiti za kugawa dll moja moja uachane nazo, hujui nani kaigusa. Kosa lako jipya kwa kawaida linamaanisha umechanganya biti 32 na biti 64. Dll hiyo huja ndani ya furushi la Microsoft linaitwa Visual C++ Redistributable, lichukue kwenye saiti ya Microsoft yenyewe, weka la x64 na la x86 yote mawili hata kama Windows yako ni ya biti 64, maana programu za biti 32 bado zipo na zinalihitaji la kwao. Washa upya. Ni MB chache tu.

Kaka shikamoo. Nilinunua laptopu ya mkononi, yaani iliyokwisha tumika, Kariakoo mwezi uliopita, nzima kabisa, bei nzuri. Nataka kujifunza kutengeneza tovuti na apu lakini hakuna kinachokubali kuingia. Pip inakataa, npm inakataa, Android Studio inaishia njiani kwenye Gradle, zote zinasema maneno ya certificate. Nimebadilisha laini tatu nikidhani ni mtandao. Hata brauza inaniletea ukurasa wa onyo, mi nabonyeza endelea. Fundi mmoja kaniambia laptopu imeingia kirusi anataka elfu thelathini aisafishe. Mimi wa Temeke, Tandika.

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hata mia, angalia saa ya kompyuta yako, pale chini kulia. Angalia na mwaka.

Nadhani utakuta iko nyuma miaka. Nimeyaona haya mengi kwenye laptopu za mkononi na nimeyatafuta kwenye maneno yako, umesema pip ya Python, npm ya JavaScript, Gradle ya kujengea apu za Android, na brauza, zote. Vitu vinne vilivyotengenezwa na watu tofauti haviwezi kuharibika siku moja kwa sababu moja isipokuwa sababu hiyo iko chini yao wote. Ukipata kosa linalofanana kila mahali acha kuchunguza programu, chunguza wanachochangia.

Inavyokuwa ni hivi. Kila seva unayoshushia vitu inakuonyesha cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya udereva. Kompyuta yako inalinganisha na saa yake. Saa ikisema ni 2012 na cheti kinaanza mwaka huu, kwa macho ya kompyuta hicho cheti bado hakijazaliwa, inakikataa, na ni haki yake kukikataa. Soma vizuri ujumbe wa pip, kama mwishoni una "certificate is not yet valid" basi umeshapata jibu. Kwa npm utaona CERT_NOT_YET_VALID.

Rekebisha tarehe na saa kwa mkono kwanza, kisha kwenye Date & time bonyeza Sync now. Na eneo la saa nalo liangalie, laptopu hizi nyingi zimetoka nje na zimebaki na saa za huko. Kwenye Windows hutaona Dar es Salaam kwenye orodha, chagua UTC+03:00 Nairobi, saa yetu ni moja. Usirekebishe mishale tu ukaacha eneo la Marekani, utaona saa sahihi lakini ndani kompyuta itakuwa imekosea kwa masaa mengi.

Ikiwa ukizima na kuchomoa chaja kesho saa imerudi nyuma tena, betri ndogo ya saa kwenye ubao imekufa. Kwenye laptopu nyingi ni CR2032 ya volti 3, ile ya duara kama sarafu, mara nyingine imevishwa plastiki na ina vijiwaya viwili, kwa hiyo fungua uone yako ni ipi kabla ya kwenda kununua. Hakuna kirusi hapo, na fundi mwaminifu ataibadilisha kwa hela ndogo.

Nakuomba kitu kimoja. Mtandaoni utashauriwa uzime ukaguzi wa vyeti, pip uiwekee "--trusted-host", npm uiambie strict-ssl iwe false. Itakubali, ndiyo, ila umeondoa mlango wa nyumba kwa sababu kitasa kinakwama. Utasahau kuurudisha. Na hilo la kubonyeza endelea kwenye brauza kila ikikuonya, liache kuanzia leo, hasa ukiwa unaingia kwenye mambo ya hela. Kama ulishazima chochote, "npm config delete strict-ssl" inarudisha ilivyokuwa.

Habari Fundi. Tuko wawili, mimi Kimara mwenzangu Kigamboni, tunatengeneza mfumo wa Laravel wa duka la vipuri la mjomba wake. Yeye kwake unafanya kazi. Kanitumia kwangu haufanyi, kwanza ilisema "Failed to open stream" ikataja vendor/autoload.php, nikamwambia anitumie folda nzima akaniletea kwenye flashi, nikakaa masaa mawili nakopi, bado inaleta makosa mengine, composer inalalamika ext-intl is missing from your system, na nikiandika npm run dev inasema vite is not recognized. Tumeanza kugombana kaka, yeye anasema mimi ndo sijui.

Msigombane wadogo zangu, hakuna asiyejua hapo. Kwake inafanya kazi kwa sababu kwake ameweka vitu miezi mingi iliyopita akavisahau, na vitu hivyo haviko ndani ya projekti.

Projekti ya Laravel, ile fremu ya PHP ya kutengenezea mifumo ya wavuti, ina folda mbili ambazo hazisafiri kabisa, vendor na node_modules, ndo zinabeba pakeji zilizoshushwa. Ndo maana ukikopi kwenye flashi inachukua masaa mawili, ni maelfu ya vijifaili vidogo, na ndani ya node_modules kuna vingine vilivyojengwa kwa ajili ya mashine yake na toleo lake la Node, ile inayoendesha JavaScript nje ya brauza. Zifute hizo mbili kwako. Kinachosafiri ni karatasi za maagizo, composer.json na composer.lock kwa upande wa PHP, package.json na package-lock.json kwa upande wa Node. Ukiwa nazo unaandika "composer install" na "npm ci", kila kitu kinashuka kwa matoleo yaleyale aliyonayo yeye. Hiyo vite inayosema haitambuliki inakaa ndani ya node_modules, ikikosekana folda hiyo inakosekana na vite, kwa hiyo usihangaike kuiweka yenyewe kwa mashine nzima kama wengi wanavyofanya.

Ext-intl, kiongezi cha PHP, ni kesi nyingine. Hiyo ipo kwenye mashine yako tayari kama unatumia XAMPP, lile furushi lenye PHP na seva ya Apache, imelala tu. Fungua faili la php.ini ndani ya C:\xampp\php, tafuta mstari unaosema ;extension=intl, futa ile nukta-mkato ya mwanzo, hifadhi, zima Apache uiwashe tena. Ikilalamikia zip au gd ni hivyohivyo. Ukihariri na hakuna kilichobadilika andika "php --ini", itakuonyesha php.ini ipi inasomwa, maana ukiwa na PHP mbili unaweza kuhariri faili la huku na terminali inasoma la kule. Tumerudi kwa yule mtoto wa Kariakoo. Na mtu akikushauri "--ignore-platform-reqs" mkatalie, hiyo inamfumba macho composer asiseme, halafu mfumo utaanguka mbele ya mjomba siku ya kwanza akitaka kuchapa risiti.

Kuna kosa moja utalikuta ukishamaliza hayo, "No application encryption key has been specified". Ni kwa sababu faili la .env nalo halisafiri, lina nywila za databesi na hata mkiweka kazi kwenye Git, ghala la kutunzia kodi, halitakiwi kuingia humo. Kopi .env.example uipe jina .env, jaza jina la databesi yako na nywila yako, kisha "php artisan key:generate". Na huyu wa Kigamboni namwomba leo hiihii afungue .env yake na .env.example aziweke ubavuni kwa ubavu, kila jina lililoko kwenye ya kwanza na halipo kwenye ya pili aliongeze bila thamani yake, halafu aandike pembeni toleo la PHP na la Node analotumia, "php -v" na "node -v" zitampa, amtumie mwenzake WhatsApp. Mkifika hapo mfumo ukikataa tena nitumieni ujumbe wote mzima, wa mashine zote mbili.